Kompyuta Haikufa, Wifi

Wifi yangu mpendwa,

Hujambo wewe na wanangu? Yule mdogo ameacha kukohoa? Na mama, mkwe wako, bado anapanda ngazi kwa ubishi ilhali daktari amemkataza? Mimi huku ni mzima wa mwili, na tangu juzi hata roho imeanza kurudi mahali pake. Najua ukiuona mwandiko wangu juu ya bahasha utatamani kuitupia juu ya kabati uisahau. Nakuomba uvumilie ufike mwisho, maana kilichonishikisha kalamu kiko huko, na nikikitanguliza, mkono utagoma.

Nianze na la heri. Kompyuta imewaka.

Siku ile ulipoondoka nilibaki nimeikodolea macho. Kwenye kioo cheusi maneno yalikuwa yaleyale: hakuna diski ya kuwashia. Nazima, nawasha, yaleyale. Unaijua ilivyo kuukuu; mwingine angeshaitupa. Lakini mashine yetu ya kuchapa nukta nundu haikubali kuunganishwa na kompyuta nyingine, waya wake ni wa mdomo mpana wa enzi zile. Na ndani ya diski hiyo kilikuwamo kitabu kizima cha jiografia, kurasa mia tatu na kumi na mbili, nilizozigeuza kwa miezi saba kwa ajili ya wanafunzi wetu kumi na mmoja wasioona. Mtihani ulikuwa umebakiza majuma matatu. Nakala nyingine sikuwa nayo. Cheka tu, wifi, mimi nimekwisha kujicheka.

Fundi wa kwanza alikuwa yule wa simu, jirani na kituo cha mafuta. Alifungua sanduku, akapuliza vumbi, akachomoa nyaya na kuzirudisha, kisha akatoa hukumu kwamba diski imekufa na iliyobaki ni kazi ya kuizika. Yeye dukani anazo nyingine, akasema. Alipotoka nililia kama mfiwa. Mwalimu mkuu akanikuta hivyohivyo na kamasi zangu, akasema basi watoto watasomewa kwa sauti, watakachokishika ndicho hichohicho. Ramani utamsomeaje mtu kwa sauti?

Aliyenitoa shimoni ni mwalimu wa jiografia. Ulionana naye mlangoni, yule mrefu mwenye fimbo nyeupe. Haoni tangu utotoni. Yeye ndiye hukaa pembeni yangu na kupitisha vidole kwenye kila ukurasa unaotoka, akitafuta makosa yangu, na huyapata. Aliingia, akaomba tunyamaze, akaniambia niwashe. Akaweka kiganja juu ya sanduku na kuinamisha sikio, kama mtu anayesikiliza kifua cha mtoto. Akasema amekaa na mashine hiyo miaka sita na pumzi zake anazijua. Diski inayokufa hugonga au hukwaruza, lakini hii inapanda na kutulia kama siku zote.

“Diski ni nzima,” akasema. “Kompyuta ndiyo haiioni.” Kisha akacheka, akaongeza kwamba kwa mambo ya kutoona tumwamini, yeye ni mtaalamu.

Akaagiza aitwe mama mmoja mstaafu, aliyetengeneza mashine za maofisini miaka thelathini. Mama akaja na kimkoba chake, miwani imefungwa kamba shingoni. Diski hata hakuigusa. Kwanza alitazama tarehe, na kumbe kompyuta ilikuwa inadai ni Januari mosi, ya mwaka ambao wanafunzi wetu hata mimba zao zilikuwa hazijatungwa! Akatueleza kwamba ndani kuna betri ndogo kama kifungo cha koti, inayoisaidia mashine kukumbuka mambo yake umeme usipokuwepo. Yetu ilikwisha kitambo, ila maadamu plagi ilikuwa ukutani, mambo yalijiendea. Siku plagi ilipochomolewa, mashine ikasahau kila kitu, hata kwamba ina diski. Si ugonjwa, akasema, ni usahaulifu wa uzeeni, na hata yeye anao.

Akaweka betri mpya, akafungua ukurasa wa mipangilio. Penye nafasi ya diski palikuwa pameandikwa “hakuna.” Akaiamuru ijitafutie yenyewe, akawasha upya. Nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Mwalimu wa jiografia alipiga makofi kabla mimi sijaona chochote, kwa kuwa yeye alisikia kwanza. Kitabu kilikuwamo, sura zote, ramani zote. Siku hiyohiyo nilitoa nakala tatu, na tangu jana mashine inachapa. Chumba kizima kinatikisika na sijawahi kupenda kelele namna hii.

Sasa nije kwenye lile zito. Yule mama, akifunga mkoba wake, aliuliza ni nani aliyechomoa plagi. Mwalimu mkuu akajibu kwamba ni mgeni aliyesafisha chumba. Alikuwa ameyapata kwangu. Nami nikatazama sakafu.

Wifi, plagi niliichomoa mimi. Asubuhi ile ulikuwa bado umelala. Nilitaka kupiga pasi gauni, na soketi nzuri ni ile moja tu, ya nyuma ya meza ya kompyuta, katika chumba cha kazi kilicho ubavuni mwa nyumba yangu. Nilipomaliza nikairudisha. Mashine ilipogoma, wewe ulikuwa pale na kitambaa cha vumbi mkononi, ukinisaidia kazi ambayo hata sikukuomba. Uliniambia mara mbili kwamba hukugusa waya wowote. Nilijua unasema kweli. Hata hivyo nikampigia kaka simu nikamwambia, “Mkeo ameniulia kompyuta,” naye akakufokea, ukakusanya nguo zako siku mbili kabla ya wakati. Ulinishukuru kwa kukukaribisha, ukaacha chai yako mezani. Husemwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba hiyo nilikufunga mimi kwa mikono yangu.

Niliogopa. Kila mtu hapa anajua mimi ndiye mwangalifu, na nilishindwa kukubali kuonekana mzembe mbele yao.

Mama fundi alipoondoka nilimwambia mwalimu wa jiografia ukweli. Hakunilaumu, aliniuliza tu kama wewe umeshaambiwa. Siku ya pili nilimwendea mwalimu mkuu, jioni nikampigia kaka.  Kaka akasema naye ana lake la kukuomba radhi, atalisema mwenyewe, na mimi nisijifiche nyuma yake. Ndiyo maana naandika.

Nisamehe, wifi. Sikuombi uje, ila mlango uko wazi, na ukija hutashika kitambaa wala ufagio. Nisalimie mama, wabusu wanangu mashavuni, na mdogo umwambie shangazi anaulizia kikohozi.

Usijilazimishe kunijibu upesi. Lakini siku utakapojibu, nitukane kwanza, moyo wako uridhike, ndipo unisalimie.

Ni mimi, wifi yako, niliyekukosea.