Mshono wa Wifi

Jumanne, 17 Juni 2025

Bado wodini. Mpira mmoja kushoto, mwingine kulia, kila mmoja na kichupa chake kinachojaa maji ya rangi ya ukwaju. Nikijigeuza vinanivuta. Nikienda chooni navibeba mkononi kama mtu anayepeleka vidumu kisimani.

Kitanda cha pili yuko wifi yangu Goodness, dada wa mume wangu. Hana mpira hata mmoja. Kalala chali, anachati.

Tulikuja pamoja kwenye kambi ya madaktari bingwa, shida yetu ni moja. Mimi mapacha waliniachia tumbo la kuning'inia, misuli imeachana katikati, wateja wakawa wananiuliza ni mwezi wa ngapi. Yeye ana watoto watano. Daktari Luhende alitueleza kwamba wanalinganisha njia mbili za kufunga tumbo wakishakata ngozi iliyozidi. Ya kwanza, wanafunga kama walivyozoea na kuacha mipira ya kutoa maji. Ya pili, kabla ya kufunga juu, wanaishikiza ngozi kwenye misuli kwa ndani, uzi baada ya uzi, isibaki nafasi ya maji kutuama. Mipira haipo. Wanataka kujua kundi gani litapata shida kidogo — maji, usaha, kidonda kufumuka. Nani apate ipi, inaamua bahasha, kama kura. Tukakubali, tukasaini.

Mimi ni fundi cherehani. Nilielewa palepale. Hiyo ya pili si ni kupiga bandi tu? Unaishikiza bitana kwenye kitambaa ili isicheze. Nikaitamani kabla bahasha haijafunguliwa.

Akaipata Goodness. Mtu asiyeweza kushona kifungo.

Alhamisi, 19 Juni

Mama mkwe kaleta uji. Kwangu salamu tu ya Kisukuma: mwangaluka, mayu — akapita. Kwa binti yake akakaa kitandani kabisa, pole ng'wanone, pole mwanangu, mpaka uji ukapoa.

Baadaye wakaja akina mama wa kwaya. Goodness, tuonyeshe mshono! Akafunua. Mstari mwembamba, umenyooka kama umepigwa rula. Wakaguna, wakapiga makofi. Kwangu wakaulizia sare za Pasaka ijayo.

Leo wametoa mpira wa kushoto. Nimeuma shuka. Hakuna aliyeniuliza kama unauma.

Jumapili, 29 Juni

Nyumbani. Mpira wa kulia nao umetoka, yamebaki matundu mawili.

Goodness kaenda kanisani leo. Kanisani! Mimi natembea nimeinama kama natafuta sindano. Mume wangu Nyanda karudi ibadani anacheka peke yake, anasema dada yake karudi usichana, watu walikuwa wanageuza shingo. Nikamwambia na mimi nimekatwa siku ileile, na daktari yuleyule. Akasema ndiyo mama, na wewe utapona. Kaniambia kama anambembeleza mtoto aliyeshindwa mtihani.

Nina wivu. Naandika hivyo hivyo, maana hapa sina wa kumdanganya.

Jumatano, 9 Julai

Kliniki. Kidonda changu kimeachia kidogo pembeni, upande wa kulia. Nesi Kornelia kasafisha, kasema ni padogo, patajaza penyewe, nisiache mkanda wa kubana tumbo na nisibebe vitu vizito.

Nikauliza wa kundi la pili wanaendeleaje. Akasema hawezi kunieleza habari za wengine. Nikauliza na wifi yangu je? Akasema wifi yako hakuja, na ukimwona mwambie aje.

Nilimwona sokoni. Anauza dagaa wake wa Lamadi kama kawaida, kajifunga kitenge kiunoni, mkanda hana. Eti joto. Eti amepona, aende kliniki kufanya nini? Akashusha gunia mwenyewe mbele yangu.

Nilimpa ujumbe wa nesi, lakini mara moja tu, tena kwa sauti ya chini. Sikumsisitizia.

Ijumaa, 18 Julai

Nilijua itakuja, imekuja. Goodness anataka nimshonee gauni la harusi ya bintiye, Wema. Jumamosi tarehe mbili Agosti, wakwe wanatoka Shishiyu. Mama wa bibi harusi. Anataka la kubana, zipu nyuma, kiuno kionekane. Wifi, nishonee mshono ambao Bariadi hawajauona.

Nimempima. Inchi thelathini na moja. Nimerudia kupima kwa roho mbaya tu, nikidhani futi yangu imenidanganya. Thelathini na moja. Mimi niko thelathini na tano na bandeji juu.

Kitambaa kizuri kweli, satini ya kijani. Nimekata. Nimeacha nafasi kubwa pembeni kama ninavyowaachia wateja wote, maana watu hunenepa.

Jumamosi, 26 Julai

Leo nina raha, na raha yenyewe si nzuri.

Goodness kaja kujaribisha. Zipu imefika katikati, ikagoma. Nimetoa futi: thelathini na tatu na nusu. Nimepima tena. Ileile. Nilipokuwa nabana pini chini ya kitovu, mkono wangu ukazama kidogo, pakatikisika. Nikasema moyoni, mafuta hayo yanarudi, kundi la bahati hilo.

Yeye kasema amekula sana vikaoni. Nikasema ndiyo wifi, harusi inanenepesha. Alipoondoka nikawasha redio, nikashona nikiimba.

Jumatatu, 28 Julai

Kliniki yangu. Pembeni pamefunga, ngozi mpya, nyekundu, imekaza. Daktari Luhende kanigonga tumbo kwa vidole huku na huku, kasema pakavu.

Nikamuuliza njia ipi imeshinda. Akacheka, kasema mapema mno, halafu watu wenyewe wanakacha kliniki, nao ndio anaowaogopa. Maji yanaweza kuja hata baadaye, hasa kwa mtu aliyeacha mkanda mapema na kubeba mizigo, nyuzi za ndani zikaachia. Mtu anadhani amenenepa. Kiuno kinaongezeka ghafla, ukiligusa tumbo la chini linatikisika kama maji kwenye mfuko wa nailoni. Yakiingia wadudu, ni homa, ni usaha, anaweza kufa. Akiona hivyo aje siku hiyohiyo.

Mkono wangu wa kulia ukakumbuka kabla ya kichwa.

Nilifungua mdomo pale. Nikaufunga. Kwa nini? Nilitaka kujiambia kwamba ni haya, mambo ya mtu mwingine. Uongo. Nilitaka kukaa kidogo na ile raha — kwamba bandi yake nzuri imeachia na mipira yangu mibaya imenitoa salama. Nilikaa nayo mpaka nyumbani.

Jumanne, 29 Julai

Nimempigia asubuhi. Nimemweleza yote, kiuno, maji, maneno ya daktari. Kacheka. Wifi, hicho ni kijicho. Tangu siku ya bahasha wewe hujalala. Unataka na mimi nikatobolewe matundu mawili tufanane, na harusi ya mwanangu ni Jumamosi hii?

Nikamuuliza mwili wako una joto? Akasema joto la jiko. Akakata.

Nimemwambia Nyanda ampeleke kwa nguvu. Kasema Mektilda, mwache dada yangu afurahi, mbona unamwandama? Mama mkwe nimempigia pia. Yeye kasema nimwombee Mungu anipe moyo mweupe.

Wamekataa kuniamini, na siwezi kuwalaumu. Mwezi mzima uso wangu umekuwa ukiwaambia kila kitu. Leo nimesema ukweli kwa mdomo uleule uliokuwa umevimba kwa wivu.

Jumatano, 30 Julai

Nimepita sokoni. Meza yake imefunikwa. Jirani yake kasema Goodness kalala, kachoka na maandalizi. Nimekwenda kwake, wamesema amelala, nisimwamshe.

Gauni limekwisha. Linaning'inia dukani, kila mteja anauliza ni mshono wa nani.

Alhamisi, 31 Julai

Naandika juu ya meza ya kukatia. Bajaji nimeiita, haijafika.

Goodness kaja mwenyewe saa ya jua kali kajifunika kitenge na sweta. Meno yanagongana. Kavaa gauni, zipu haikupanda hata nusu. Upande wa kushoto wa ule mshono uliopigiwa makofi pamekuwa pekundu, panang'aa, ukigusa pana moto. Kasema, panua kidogo tu wifi, mpaka Jumamosi ipite. Jumapili nakwenda hospitali, nakuapia.

Nafasi ninayo. Niliiacha mwenyewe pembeni, kulia na kushoto, ni kazi ya muda mfupi tu, na gauni lingemfunga vizuri na hakuna ambaye angejua. Ningemfungia ugonjwa ndani ya satini, akacheze nao mbele ya wakwe.

Nikamwambia hakuna nafasi. Nilikata nikamaliza.

Akaniambia mwongo, kila mtu anajua unaacha nafasi. Nikamsaidia kulivua. Nikalikunja, nikalifungia kabatini, ufunguo nikautia kifuani. Nikamwambia gauni lako utalikuta ukitoka kwa Daktari Luhende.

Maneno aliyonitolea siyaandiki. Kampigia mama yake mbele yangu, katia spika: Mektilda kanifungia gauni langu, wivu umempanda kichwani, hataki nionekane. Mama mkwe naye kafungua bomba la maneno. Nyanda kapiga mara mbili, sijapokea. Kesho kutwa nitakuwa yule wifi aliyeharibu harusi. Sawa.

Na wivu wenyewe bado ninao. Hata sasa, akiwa ameegemea marobota ya vitambaa anatetemeka, naona ana mabega mazuri kuliko yangu. Nimemfunika kanga zangu mbili.

Sasa ametulia. Simu kaitupa pembeni. Nimemwambia watayatoa hayo maji, watamsafisha, watamwekea dawa. Akauliza na mipira? Nikasema nadhani na mpira.

Kajivutia kanga mpaka shingoni. Halafu kaniangalia, macho mekundu, sauti ndogo kama ya Wema alipokuwa mtoto.

Wifi, eti mpira unauma?

Wiki zote hizi nilikuwa nasubiri mtu aniulize hilo. Jibu nilikuwa nalo, refu, nimelipanga, lina kila neno la kumchoma aliyeuliza. Sasa ameuliza, nami nimemwambia tu: unauma wifi, ila nitakushika mkono.

Bajaji inapiga honi nje. Bado ananitazama.