Msalaba Katikati ya Njia ya Ziwani

Papa,

Ni mimi Nabintu, binti yako mwenye kichwa kigumu. Nakuandikia nikiwa nimekaa hapa kando ya kaburi lako, karatasi juu ya goti, kwa sababu nyumbani kila mtu ananiambia ninyamaze. Nimechoka kunyamazishwa.

Kaburi lako lilifanya kazi uliyolituma. Siku zile za ugonjwa tulidhani ni homa inasema: "Munizike kando ya njia. Hakuna mutu atalima juu yangu." Na kweli. Jirani mwenye mahindi, yule aliyekuwa akisogeza ua wake wa miti ya miyenzi hatua moja kila msimu, alipofika kwako alisimama. Mwaka mzima wakimbizi wenzetu wa Rubondo walishuka ziwani kuchota maji na madumu yao bila kumuomba mtu ruhusa. Na sisi wa kujitolea tuliendelea kukata majani kila siku ya posho, tukishapokea chakula chetu, pande zote mbili za njia, maana bado nakusikia ukimpigia kelele anayeruka upande: "Weye, unanyoa mutu shavu moja?"

Basi nikajiona mjanja. Nikapeleka ombi letu Mbarara, ofisi ya ardhi, lile lenye alama za vidole vya watu wote, nikahangaika mlango kwa mlango mpaka wakakubali kutuma mpimaji aje apige nguzo, njia iandikwe kuwa ya watu wote. Nilirudi ndani ya gari nikicheka peke yangu. Jumapili nikasimama kanisani, nikatangaza hata siku atakayokuja mpimaji. Mdomo wangu, Papa! Jirani alikuwa ameketi benchi la nyuma.

Kesho yake asubuhi tukakuta kaburi jipya. Si kando. Katikati kabisa, pale pembamba kati ya mwamba na matope. Udongo umepandishwa vizuri, msalaba wa mbao mpya, hauna jina. Hatukusikia kilio. Hakuna nyumba iliyokaa matanga. Hakuna aliyekuja kuazima jembe. Jirani alijifunza kwako, Papa, na hilo ndilo linaniuma.

Watu hawakanyagi kaburi. Sasa wanazunguka kwenye matete, fasi viboko wanapopandia, na juzi Mama Neema, anayekaa nyuma yetu, alikimbia kiboko akaacha dumu lake. Tulilikuta limekanyagwa bapa. Mpimaji ameniambia wazi kwa simu kwamba akikuta kaburi njiani hapigi nguzo hata moja. Pasta anasema kaburi ni kaburi, tusiliguse. Wenzetu wa kukata majani wametoroka mmoja mmoja, nimebaki na Mama Neema.

Lakini mimi nimeangalia. Lako, baada ya mvua za kwanza lilizama, tukaongeza udongo mara mbili, nikalia mara mbili. Lile jipya limenyeshewa majuma mawili na halijashuka hata kidole. Ndani hamna sanduku. Karibu niape.

Karibu. Naogopa, Papa, naogopa mingi. Nikikosea nitakuwa nimefukua mtoto wa mtu. Na leo asubuhi, nilipopita, nimekuta shimo la pili karibu na ule msalaba. Liko wazi. Ni fupi, la kunitosha mimi, na wewe unajua urefu wangu. Nilisimama pale nikakutukana kidogo kwa kuniachia njia hii. Unisamehe.

Mpimaji anakuja Jumatatu. Kabla ya hapo, siku ya posho, jua likishapanda, mbele ya kila atakayethubutu kuangalia, nitachimba kwa jembe lako. Nimekwisha kulitia mpini mpya. Nikikuta mtu, nitamlilia, nitamrudishia udongo wake kwa heshima, na njia nitaiaga. Nisipokuta mtu, udongo wote nautia ndani ya lile shimo la pili mpaka lijae, na Jumatatu watu watapita juu yake na madumu yao. Hiyo nakuahidi.

Kwa heri, Papa yangu. Chunga upande wako kama ulivyosema. Ukisikia jembe usishtuke, ni mimi. Likinyamaza kabla ya kazi kwisha, nisogezee fasi kando yako.

Nabintu