Mume Wangu Anabeba Lawama ya Hisa Nilizomsukuma Anunue

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ila naomba pia usinionee huruma kabla hujafika mwisho wa barua, maana siku hizi kila mtu ananionea huruma na huruma yao ndiyo inayonitafuna.

Mimi ni mama wa watoto watatu, wote wakubwa, nina saluni ya nywele mtaani kwetu, na mume wangu alikuwa mfamasia wa hospitali mpaka alipostaafu. Ni mtu wa taratibu, hana maneno mengi wala marafiki wa kijiweni, na alipostaafu nilihofia atakaa nyumbani akose la kufanya aanze kunifundisha kupanga sufuria. Haikuwa hivyo. Alijipatia kazi mpya, na kazi yenyewe ilikuwa kutafuta hisa za kampuni ndogo ndogo, zile ambazo hata redioni huzisikii, akisema kampuni kubwa kila mtu anazikodolea macho kwa hiyo bei yake imeshapanda, lakini kwenye ndogo mtu mwenye subira anaweza kuokota kitu kizuri ambacho wengine wamekiruka.

Mshauri, ungemwona mzee yule. Asubuhi ananyoa ndevu, anavaa shati la kazini, anakaa kwenye meza ya chakula na ripoti za mwaka za makampuni, na anazisoma kuanzia nyuma, kwa sababu eti mazuri yote hupangwa mbele na mapicha, mabaya husukumwa nyuma kwenye maelezo ya hesabu. Akavutiwa na kampuni moja inayotengeneza chupa za dawa, kwani chupa zake alizishika miaka yote ya kazi na anajua hazivuji. Hilo halikumtosha. Alinunua hisa chache tu za kumpa haki ya kuingia kwenye mkutano wa wanahisa, akaenda, akasimama mbele za watu akauliza deni la benki litalipwa vipi, na alirudi nyumbani ameng'aa kama kijana aliyekubaliwa posa, kwa kuwa mkurugenzi alimjibu bila kuzungukazunguka. Siku nyingine akafunga safari mpaka kiwandani, wala hakuingia ndani, alikaa kwa mama anayeuza chai nje ya geti akamuuliza kama wafanyakazi wanalipa taslimu au wanakopa. Akaniambia, "Mama chai ndiye mkaguzi wa kwanza. Mishahara ikichelewa, yeye anajua kabla ya magazeti."

Nilicheka. Nikaenda kuwasimulia wateja wangu saluni, nao wakacheka, nikaona nimesema jambo la maana.

Sasa nina mteja mmoja tunamwita Mama Vigae, kwa sababu tangu aweke vigae mpaka kwenye ngazi za nje hana habari nyingine. Yeye na mumewe walikuwa wamenunua hisa za kampuni changa iliyosema itajenga vyumba vya baridi vya kuhifadhia matunda na mboga, na kila akija kusukwa ana bei mpya, imepanda, imepanda tena, na kwenye simu yake kuna kundi la wanunuzi wenzake wanatumiana picha za funguo za magari. Mimi nasuka huku nasikiliza, mikono inafanya kazi na roho inaenda mbio, na nikirudi nyumbani namkuta mume wangu bado yuko kwenye chupa zake. Ndipo nilipoanza maneno. Nilimwambia wenzako wanakula wewe bado unanusa sufuria. Nilimwambia utafiti wako utakapokwisha sisi tutakuwa tumeshazikwa. Yeye alikuwa anatabasamu tu, anasema, "Hisa ya kampuni ndogo ni kama dawa ngeni, mama. Kwanza unauliza inamdhuru nani."

Kilichoharibu ni Jumapili moja kaka yangu alipokuja kula kwetu. Kaka akamuuliza shemeji yake amefikia wapi na hizo hisa, na mimi nikadakia kabla hajafungua mdomo. Nikasema, "Usimsumbue. Mume wangu ni mwoga. Angekuwa na roho ya kiume asingezeeka anahesabia watu vidonge." Kaka yangu aliinamia sahani. Mume wangu alimaliza chakula chake, akanawa, akaniambia ahsante kwa chakula kama anavyoniambia siku zote.

Baada ya siku chache alinikuta jikoni akasimama mlangoni. Akasema amepiga simu kwenye ile kampuni ya vyumba vya baridi na hakuna aliyeweza kumtajia nani anakagua hesabu zao, ripoti ya mwaka jana haijatoka, na kiwanja walichokipiga picha amekwenda kukiona kina majani tu. Kumbe alikuwa ameshaifanyia utafiti kimyakimya kwa ajili yangu. Akaniuliza, "Pamoja na hayo, bado unataka?" Mshauri, nilikuwa na nafasi. Nilikuwa namenya viazi, sikugeuka hata kumtazama. Nikasema, "Nunua."

Akanunua, tena kwa sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake, ile tuliyoiweka kwa ajili ya kuezeka vyumba vya uani ambavyo tungevipangisha tule uzeeni. Bei ilipanda kidogo, nikatamba saluni, kisha ikaanza kuanguka, na alipotaka kuuza dalali wa hisa akamwambia wauzaji wamejaa na mnunuzi hakuna hata wa dawa. Mpaka leo vyumba vinasimama bila paa, ndani yake yameota majani.

Watoto wakasikia, wakaja. Binti yetu mkubwa ni mhasibu na ana ulimi kama wangu. Akamwambia baba yake, "Baba, wewe ndiye uliyetufundisha kusoma maandishi madogo. Ilikuwaje?" Mimi nilikuwa nimesimama na birika la chai mkononi. Mume wangu alinitazama mara moja tu, kisha akamjibu, "Ni tamaa, mwanangu. Nilifanya haraka. Mama yenu alinionya, sikumsikia."

Mama yenu alinionya. Alisema hivyo, nami nikamimina chai.

Tangu siku hiyo nimekuwa shujaa wa nyumba. Watoto walikubaliana kadi ya benki ya pensheni nikae nayo mimi, na sasa mume wangu akitaka kununua gazeti ananiomba pesa, anasimama pembeni yangu mpaka nifungue pochi. Hata kwenye hilo gazeti siku hizi hatafuti tena ukurasa wa hisa. Shati la kazini halivai. Juzi ulikuja ujumbe kwamba ile kampuni ya chupa inatoa gawio, ni kidogo kwa kuwa hisa zenyewe ni chache, lakini inalipa kama alivyosema italipa. Nikampelekea simu mbio. Akasoma, akasema, "Vizuri," akairudisha.

Sasa mwisho wa mwezi huu binti yetu anakuja na karatasi ya wakili, baba yake atie saini kwamba mambo yote ya nyumba na fedha yatasimamiwa na binti, kwa sababu mzee "ameanza kuyumba". Mume wangu amesema atasaini. Nimemwambia kaka yangu nataka kusema ukweli, naye ananiambia yaliyopita yamepita, usijivunjie heshima kwa watoto uzeeni. Na huku Mama Vigae anasema bei imeshuka hadi imekuwa ya kutupa, kwamba huu ndio wakati wa kununua zaidi ili zikipanda turudishe yote, nami ninayo akiba yangu ya saluni na nimeshawaza nikinunua zikapanda, nitarudisha hela kimya kimya na hakutakuwa na haja ya kumwambia mtu yeyote kitu. Nifanye nini, mshauri? Mume wangu hajawahi kunitupia neno hata moja. Afadhali angenitukana.

Ni mimi, Mama Saluni

* * *

Mama Saluni,

Nimefika mwisho wa barua kama ulivyoniomba, na huruma ninayo, lakini wewe utangoja. Wa kwanza kupewa ni mzee wako.

Tuanze na akiba ya saluni, maana hilo haliwezi kungoja. Usinunue hata hisa moja. Jambo ulilolisukuma kwa tamaa unataka sasa ulizibe kwa tamaa hiyo hiyo, tena kwa siri, ili usilazimike kufungua mdomo. Huko si kurekebisha, dada yangu, ni kukimbia. Hisa iliyoshuka sana inaweza kushuka tena mpaka chini kabisa, na kampuni ambayo haikuwa na mkaguzi wa hesabu wakati wa bei ya juu haijampata kwa kuwa bei imekuwa ya chini. Mama Vigae akija kusukwa, muulize swali moja tu: yeye zake bado anazo zote? Mtazame kwenye kioo anapojibu. Anayekuimbia sifa za hisa mara nyingi anatafuta wa kumuuzia.

Nimemuuliza dalali mmoja wa hisa wa miaka mingi kuhusu barua yako, bila kumwambia ni ya nani. Akasema, "Huyo mzee wa chupa, natamani wateja wangu wote wangekuwa kama yeye." Nakuandikia hili ulijue ulichokicheka. Wasomaji wengine wanaotamani hisa za kampuni ndogo wajue pia kwamba mzee huyu aliwaonyesha njia nzima: alianza na biashara anayoielewa, akasoma hesabu zilizokaguliwa, akauliza madeni, akaenda kuona kwa macho yake, akaingia na kidogo kwanza. Dalali aliongeza jambo moja tu, kwamba kabla ya kununua uliza hisa hizo huuzwa na kununuliwa ngapi kwa siku, kwa sababu kwenye kampuni ndogo mlango wa kuingia ni mpana na wa kutokea ni tundu la sindano. Na hela ya paa ni ya paa. Haipelekwi sokoni hata kampuni iwe ya malaika.

Hisa mlizonazo sasa, kaeni wawili mwende kwa dalali wenu, mwambieni bei mtakayokubali kuuzia, hata iwe ya kuumiza, mnunuzi akitokea ziende. Lakini uamuzi huo uwe wake na wako kwa pamoja, si wako kwa sababu kadi iko kwenye pochi yako. Na kadi yenyewe mrudishie leo, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili. Mwanamume aliyelisha watoto watatu hasimamishwi pembeni ya pochi.

Sasa la binti. Unaniuliza kama useme ukweli, na wewe jibu unalo, ulikuwa unatafuta mtu wa kukukataza kama kaka yako alivyokukataza. Mimi sikukatazi. Utasema, na utasema kabla kalamu haijagusa ile karatasi. Kwanza kwa mumeo, mkiwa wawili, wala usimwombe ruhusa maana atakunyima. Mwambie tu kwamba watoto wakija utawaambia. Atasema haina haja. Mwache aseme. Kisha wote wakishakaa, useme yote: Mama Vigae, maneno uliyoyatamka mbele ya kaka yako, viazi, na lile neno moja. Usilie katikati wakaanza kukubembeleza, ukageuza kosa lako kuwa msiba wako. Utapungukiwa heshima kwa muda, ni kweli. Ni heshima ambayo haikuwa yako, uliazimwa na mtu aliyekuwa anaihitaji kuliko wewe. Binti yako anataka kumwondolea baba yake usimamizi wa nyumba kwa kosa ambalo baba alikutahadharisha nalo akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Ukinyamaza akasaini, hapo utakuwa umemfilisi mara ya pili, na safari hii si kiinua mgongo.

Unasema afadhali angekutukana. Najua. Tusi lingewafanya mlingane. Lakini hukuolewa na mtu wa matusi, uliolewa na mtu aliyekwenda kukutazamia kiwanja chenye majani baada ya wewe kumwita mwoga, na hilo utaishi nalo, mimi sina dawa yake.

Usimwombe asahau, wala usimwambie arudie hisa zake, hiyo nayo itakuwa amri nyingine. Mambo yakishasemwa, chukua ile ripoti ya kampuni ya chupa, keti naye kwenye meza ya chakula, ianze kuanzia nyuma, na usome kwa sauti. Hutaelewa. Utasoma deni ukidhani ni faida. Siku ya kwanza atanyamaza, pengine na ya pili. Wewe endelea kusoma.