Kumsainia Mwenzako Furaha

Mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie, na kama utanicheka basi nicheke kwanza halafu unisaidie. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nakaa bwenini chumba kimoja na dada tunayemwita Redio kwa sababu alikuwa hanyamazi, hata akipiga mswaki anaongea, sasa chuo kikatuletea apu ya simu ya kutunza afya ya akili, kila asubuhi inakuuliza unajisikiaje nawe unabonyeza kikaragosi, kinachocheka, kilichonuna au kinacholia, na usipobonyeza unaitwa ofisini kwa mlezi wa wanafunzi, kwa hiyo wote tunabonyeza kinachocheka tuwahi darasani. Redio alipoanza kulala akiangalia ukuta, haogi, hali, akanipa simu yake akasema, "Shoga, nisainie na hiyo," maana mahudhurio ya darasani tumezoea kusainiana, basi nikawa nacheka kwangu, nacheka na kwake, mpaka juzi apu ikamtumia pongezi na taji, eti yumo kwenye wanafunzi wenye furaha kuliko wote chuoni, mlezi akabandika jina lake ubaoni, nikampelekea habari nikidhani atacheka, akasema bila kugeuka, "Vizuri. Basi hata nisipokuwepo utaendelea kunisainia." Tangu hapo sina raha, nikisema ukweli tutafukuzwa wote kwa udanganyifu naye ataniona msaliti, nikinyamaza naogopa, je, nibonyeze kinacholia ili apu imsaidie yenyewe?

Msainiaji, bwenini

Mwanangu Msainiaji, marahaba. Nimemwomba mhariri barua yako iruke foleni.

Mimi si mtu wa kuringia simu. Yangu iliwahi kumpigia mama mkwe yenyewe, ikiwa mfukoni, wakati namsengenya. Lakini hata mimi na vidole vyangu hivi vizito najua kwamba ukiwauliza watu "mna huzuni?" huku umeshika fimbo, wote watakuonyesha meno. Chuo chako hakikujua. Na mlezi wenu, msomi mzima, akabandika taji ubaoni! Angepanda ngazi agonge mlango mmoja tu, angemkuta bingwa wake wa furaha hajachana nywele.

Sisemi apu zote ni takataka. Mpwa wangu anayo moja, humwongoza kupumua polepole kabla ya mtihani, na ina namba ya mshauri ambaye ni mtu, anapokea, anakohoa. Inamfaa kwa sababu anaibonyeza mwenyewe, na hakuna anayempa taji.

Nawe usijifiche nyuma ya mlezi. Mahudhurio unamsainia mtu aliyekwenda saluni. Huyu alikuwa kitanda cha pili, unamwona, ukaona heri uhangaike na simu yake kuliko kumgusa bega. Halafu unaniuliza ubonyeze kinacholia! Kikilia, nani atakuja? Kikaragosi ndicho kitapanda ngazi na kikombe cha chai?

Haya, utani umekwisha. Maneno aliyokuambia si mzaha, yanaweza kuwa ya kuaga. Weka gazeti chini, keti kitandani kwake, umuulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Usiogope kulitamka. Kumuuliza hakumpi wazo hilo, kunampa nafasi ya kulisema. Akisema ndiyo, au akinyamaza, usimwache peke yake hata akikufukuza. Vidonge, wembe, kamba, vyote vitoke chumbani. Mwite jirani wa chumba cha pili akae naye wakati unampigia mlezi. Ndiyo, mlezi huyohuyo wa taji, umwambie kila kitu, na kusainiana kumo. Leo hiihii afikishwe zahanati ya chuo, na kama imefungwa, hospitali. Mpigie mama yake, au dada yake, au yeyote wa kwao anayemsikiliza.

Wakitaka kuwaadhibu, wawaadhibu. Adhabu ya chuo ina rufaa.

Redio atakuita msaliti, na majina mengine ambayo mhariri hawezi kuniachia niyaandike hapa. Mwache atukane njia nzima, wewe usiuachie mkono wake.