Meli Mbili Zilizoitwa Rehema

Mpendwa Baba,

Jana nilimwona Mama Faida sokoni Nakawa. Amezeeka, lakini bado anauza dagaa. Nikataka kupitia upande mwingine, kama ulivyozoea kufanya wewe.

Unakumbuka asubuhi ile redio iliposema Rehema imezama? Ziwani kulikuwa na Rehema mbili: ile kuukuu ya mizigo, na ile mpya ya abiria, nyeupe, iliyopewa jina la mwenzake eti kwa kuwa lilikuwa na bahati. Wewe ulikuwa fundi wa mitambo kwenye ya abiria. Mume wa Mama Faida, jirani yetu wa Mbuya aliyetoka Bukavu, alikuwa baharia kwenye ya mizigo. Redio haikusema ni ipi.

Mama na Mama Faida walishuka pamoja hadi bandarini Luzira, wameshikana mikono, nami nyuma yao. Tulikaa juu ya magunia mpaka alasiri. Ndipo meli nyeupe ikaingia, nawe umesimama juu na ovaroli yako. Mama akapiga vigelegele. Mimi nikarukaruka nikipiga kelele, "Ni yetu! Ni yetu!" Nilipogeuka, Mama Faida alikuwa bado ameushika mkono wa Mama.

Uliposhuka hukunikumbatia. Ulisema tu, "Nyamaza, mwanangu. Nyamaza." Kuku aliyechinjwa kwa ajili yako hukumgusa. Tangu siku ile ulizunguka nyuma ya nyumba ili usipite mlangoni kwake, nami nikajifunza kuzunguka. Hata kwenye mazishi yako alikaa nyuma kabisa, na nilishindwa kumwendea.

Jana aliniwahi. "Akello! Mbona unanikimbia?"

Nikainamisha uso. Nikamwambia nilivyorukaruka siku ile.

"Ulikuwa mutoto, na papa yako alikuwa amerudi. Ulitaka ulie?" Akapanga dagaa wake kidogo. "Lakini yeye ndiye aliongea na mume wangu mwisho, pale Luzira, meli zao zikipakiwa. Nilingoja aje aniambie walisema nini. Kama alicheka. Nilingoja sana. Hakukuja."

Baba, mimi nilidhani aibu yetu ilikuwa ndiyo heshima tuliyompa. Alichokitaka ulikuwa nacho wewe, na umekwenda nacho.

Jumapili nitakwenda kwake, hata mikono mitupu. Nitapitia mlango wa mbele.

Pumzika, Baba.

Binti yako,
Akello