Kisu Kisichokuwa cha Kazi

Mjukuu wangu Otieno,

Huku Kisian sisi wazima, na ng'ombe wa dani yako, yaani bibi yako, amezaa. Umeuliza kama nitakurithisha kile kisu changu cha kukunja, chenye mpini wa pembe.

Nilikibeba siku niliyoenda Asembo Bay kuomba kumuoa dani yako. Nikakifungua, nikakifunga, kikalia ta! kama mlango wa gari la waziri. Wazee wote wakakishika. Dani yako akakiomba atoe samaki magamba.

"Pole, hiki si cha kazi," nikamwambia.

Baba yake akaiangalia suti yangu. "Na wewe, Bwana, ni wa kazi?"

Nikavua koti, nikawatoa magamba samaki wote mwenyewe kwa kisu hicho hicho.

Kwa hivyo kisu muombe dani yako. Siku hiyo alikichukua akakioshe, na bado ninangoja.

Babu yako, mwenye mfuko mtupu