Wimbo Niliouweka Status

Jumatano, 9 Oktoba 2024

Kwanza nawasalimu nyumbani Rombo. Mama yangu, shikamoo, na hiyo miguu yako naiombea ipungue kuvimba. Kaka Evans, shikamoo. Wifi Pelagia, pole na jiko. Aika mwanangu, hujambo. Daftari hili halisomwi na mtu, najua, lakini nikianza bila kuwasalimu mkono unakuwa mzito. Mimi mzima hapa Al Khuwair, ughaibuni, kwa Bi Mastura ninakofanya kazi za ndani.

Sasa shida. Aika kaingia kikundi cha vijana wa kilokole, wametengeneza filamu ya dini. Jumamosi wanaondoka kuizungusha mikoani, warudi karibu na Krismasi. Na mtihani wa kidato cha nne ni mwezi ujao. Nilitaka kusema hapana pale pale. Kasema, mama, itazame kwanza ndiyo useme. Kanitumia yote kwenye simu. Kaka Evans — ndiye anamlea tangu baba yake afariki — kasema yeye haingilii, neno ni la mama mtu. Analisubiri.

Ijumaa, 11 Oktoba

Huku Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Nimetoka misa nikajifungia chumbani, nimejiandaa kukasirika.

Ile picha jamani. Inatetemeka, upepo unaongea kuliko watu. Malaika kavaa shuka, raba zinaonekana chini. Baba mlevi ni kijana mdogo kapakwa ndevu za mkaa, akilia zinachuruzika. Nyumba ya tajiri na ya maskini kochi ni lile lile. Nikacheka peke yangu, hasira ikapotea.

Halafu wakafika kisimani. Wasichana tu. Kinanda hawana. Mmoja akaanza kugonga ndoo, mwingine chupa na kijiko, polepole, kisha sauti zikapanda, moja juu ya nyingine — nikasimama wima. Sijui nisemeje. Kama mtu kanishika mgongoni. Nimekirudia kile kipande sijui mara ngapi. Aika yuko nyuma, kajifunga kitenge cha bibi yake. Natafuta sauti yake kati ya zile, siipati. Nilimwacha bado anang'oka meno ya utoto.

Nimekikata kipande nikakiweka status. Chini nikaandika: Mungu awabariki wanangu, songeni mbele. Kumjibu nitamjibu kesho, kabla hawajaondoka. Wimbo ni mzuri, lakini hapana ni hapana.

Jumamosi, 12 Oktoba

Asubuhi nakanda unga wa chapati, naimba ule wa kisimani, simu inaupiga kando. Bi Mastura kaingia, kasimama nyuma yangu.

"Kasida ya wapi hiyo?"

Nikashtuka. Nikamwambia si kasida, mama, ni ya kanisa, mwanangu yumo.

"Kumbe na nyinyi mna dufu."

"Ni ndoo, mama."

"Ndoo! Haya, teremsha sauti, bwana wangu nimemwacha anasali huko." Kafika mlangoni kageuka. "Lakini tamu. Anza pale mwanzo tena, pole pole."

Nikaanza tena. Unga mikononi, nimefurahi kama mjinga. Ndipo simu ikaita mlio wa ujumbe. Sauti ya kaka Evans, mchangamfu: Mama Aika, tumeiona status yako, tukamwita hata mama akaiona. Aika kalia kwa furaha. Basi nimemsindikiza alfajiri, basi lao limeshaondoka. Umefanya vizuri kubariki.

Nimekaa kwenye stuli. Chapati zimeungua.

Mimi sikubariki. Nilisifia wimbo tu.

WhatsApp huku haipigi, ni kutuma sauti. Nimetuma: kaka, sikumruhusu, mrudishe. Kajibu: sasa mama, uliandika songeni mbele, ukoo mzima umesoma. Mimi ningejuaje? Nikimfuata nimfuate wapi, na yule mchungaji wao nimeshampa mkono kwamba umekubali?

Kasema kweli.

Jumapili, 13 Oktoba

Status imefutika yenyewe. Nimenunua vocha nikapiga namba ya Aika. Imezimwa. Nikapiga tena wakati Bi Mastura yuko bafuni. Imezimwa.

Bi Mastura kaniuliza mbona leo sikusikii jikoni. Nikamweleza. Kasema ana binamu yake Dodoma, atamuuliza kama kuna watu wanaonyesha filamu ya kanisa. Dodoma yenyewe ni kubwa. Na sijui hata kama ni Dodoma.

Nimetaka kumrekodia Aika ujumbe mkali. Mtihani, ada za shule, miaka yote hii niko huku kwa ajili ya nini. Nimebonyeza, nikafungua mdomo, kilichokuja ni ule wimbo. Nimefuta. Nikaifungua filamu tena pale kisimani, nikaweka simu sikioni, namtafuta. Bado siipati sauti yake.

Mwisho nimerekodi hivi, imeenda, alama ni moja tu, haijamfikia: Aika, ni mama. Sikugombezi. Mmeimba vizuri. Ukiwasha simu nijibu haraka mwanangu, hata neno moja, mmefika wapi na unalala kwa nani.